Moto Mmoja kwa Maji na Kahawa

Masika yakikolea, maji yanayoteremka kutoka Milima ya Uluguru hubeba udongo wa mashamba. Yanapofika Bigwa, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima hiyo, huwa na rangi ya chai ya maziwa. Tatizo hilo lina historia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba ukaja juu, na mwaka 1955 upinzani ukageuka ghasia. Udongo bado unashuka, na nyumba inayoteka maji ya mto hulazimika kuyasafisha kabla ya kuyanywa au kuyapikia kahawa.

Hapo ndipo maji, mkaa na fedha hupotea bila sababu.

Maji ya tope yakimiminwa moja kwa moja kwenye chujio la kauri, vitundu vyake huziba upesi. Chujio husuguliwa kila mara, maji safi hutumika kuliosha, na kauri huisha kabla ya wakati wake. Dawa ni subira: ndoo ifunikwe, maji yatuame usiku kucha, kisha ya juu yamiminwe taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Tope likikataa kutuama, mbegu za mlonge zilizotwangwa hulikusanya likazama. Mlonge hung'arisha maji lakini hauui vijidudu vyote, kwa hiyo kuchemsha au kutia dawa ya klorini kuko palepale. Tope lililobaki chini ya ndoo linafaa kumwagiwa migomba.

Mijini kuna nyumba zinazonunua mashine za umeme zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba sana. Kazi kubwa ya utando huo ni kutoa chumvi, na mashine nyingi za nyumbani za aina hiyo humwaga lita tatu au zaidi ili kupata lita moja safi. Penye visima vya maji ya chumvi, kama sehemu nyingi za pwani, zina msaada. Maji ya mto wa mlimani kwa kawaida yana chumvi kidogo. Yanayohitaji kuondolewa ni tope na vijidudu, na hayo hayadai kumwaga maji kiasi hicho.

Kisha jiko. Wengi huacha maji yatokote dakika kumi au zaidi wakiamini kuwa ndipo yanapokuwa salama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yakishachemka kwa nguvu, vijidudu vya maradhi vimekwisha kufa. Kinachofuata ni hasara. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 335 za joto, lakini kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, karibu mara saba. Sufuria inayotokota bila mfuniko hula mkaa na kupunguza maji kwa pamoja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nyumba ambayo bado inategemea mkaa inaweza kuanza na mfuniko leo.

Maji ya kunywa yakishachemka, ya kahawa nayo yako tayari. Hakuna haja ya kuyapoza, kisha kuyabandika upya jioni. Fungu la siku limiminwe kwenye chupa ya chai, na la sasa liingie kwenye birika. Kikombe kiwe ndicho kipimo: maji ya vikombe vitakavyonyweka, na nyongeza kidogo, kwa kuwa unga wa kahawa hubaki na maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya wake. Gramu 60 za unga kwa lita moja hutosha wengi.

Karatasi za kuchujia kahawa zilibuniwa na Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908, na kila moja hutupwa baada ya kutumika mara moja. Muuza kahawa wa mtaani hazihitaji: kahawa yake hutuama ndani ya dele, naye huimimina polepole kwenye vikombe vidogo. Anayetaka kahawa isiyo na mashapo atumie chujio la kitambaa, alioshe bila sabuni na kulianika likauke vizuri.

Sehemu kubwa ya unga wa kahawa haiyeyuki. Mashapo hayo yakimwagwa kwenye sinki huweza kuziba bomba, ilhali yana nitrojeni ambayo bustani inaihitaji. Yasitandazwe mazito juu ya udongo, kwani yakikauka hufanya ganda linalozuia maji, wala yasiwekwe mabichi kwenye kitalu cha miche, maana yanaweza kuidumaza. Yachanganywe na majani makavu na maganda ya ndizi katika shimo la mboji. Baada ya miezi michache, mboji hiyo itafaa mchicha, matembele na hata mibuni inayolimwa huko juu Uluguru.