Redio ya Babu Iko na "Balbu" Ndani? Usikimbilie Kuiuza Skrapu

Disemba ikifika, wasee wa Migori na Homa Bay wanarudi ocha. Ukipata redio kubwa ya mbao imelala kwa kona ya nyumba ya babu, tulia kwanza. Chungulia nyuma. Unaona vichupa vya glasi kama balbu? Hizo ni valvu, na bila hizo babu hangesikia kitu.

Zinafanya aje?

Ndani ya valvu hakuna hewa. Kuna waya unaopashwa moto mpaka unatoa elektroni, na bamba la chuma linalozivuta. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza ya kwanza 1904. Mwaka wa 1906, Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi katikati. Gridi ni kama baunsa wa klabu: mawimbi madogo kutoka kwa eriali yanampa amri, na umati mkubwa wa elektroni unapita au unazuiliwa. Hivyo ndivyo sauti hafifu ilipata nguvu ya kujaza boma.

Mbona zilipotea?

Ule moto unakula nguvu. Nairobi ilianza kutangaza 1928, lakini South Nyanza, vile eneo hili liliitwa, boma nyingi hazikuwa na stima. Redio ya betri mara nyingi ilitaka betri mbili: ndogo ya kupasha waya, na kubwa ya karibu volti 90 ya bamba. Hiyo ni doo! Transista, iliyovumbuliwa 1947, haitaki kupashwa. Redio zake zilipofika, mawe machache ya tochi yakatosha, na mvuvi akaweza kuenda na yake ziwani.

Kabla uiguse

Usiichomeke kwa soketi ati unatesti. Kapasita zake zimezeeka, na zinaweza kushika chaji ya kukurusha hata kama waya umechomolewa. Hiyo wachia fundi anayezijua.

Wewe angalia tu lile doa la rangi ya fedha ndani ya glasi. Liking'aa, hewa haijaingia. Likigeuka jeupe kama maziwa, hiyo valvu imeenda.

Nzima bado ziko na wenyewe: wapiga gitaa wengi duniani wanapenda amplifaya za valvu. Jamaa wa skrapu yeye anapima kilo, na glasi haina kilo. So kabla uite mzani, muulize dani ni kina nani walikuwa wanajaa kwake jioni kusikiliza.