Mbona Hakuna Anayemfunza Mjukuu Anayemtunza Nyanya?

Ukitafuta mtunza wazee huku Garsen, usiulize amesomea chuo gani. Ni mjukuu tu. Alirudi nyumbani karo ilipokwisha, na sasa ndiye anayempikia nyanya uji, kumgeuza kitandani asipate vidonda na kumkumbusha dawa ya presha. Alifunzwa na nani? Alijifunza kwa kubahatisha.

Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee atunzwe na familia yake pamoja na Serikali. Enyewe Serikali imejaribu. Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, na malipo ya Sh5,000 kwa mwezi: nusu ya Serikali Kuu, nusu ya kaunti. Poa. Lakini mhudumu mmoja hupangiwa nyumba kama 100. Akishaondoka, mgonjwa anabaki na yule mjukuu. Mto Tana ukifurika, yeye ndiye anayembeba.

Sasa cheki hii: ukienda Saudia kufanya kazi za nyumbani, lazima upitie mafunzo kwanza. Ukibaki Tana River kumtunza nyanya yako, hakuna anayekuuliza.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Kozi fupi ya kutunza wazee, ikilipiwa na bajeti, inawezekana. Kikao cha maoni kuhusu bajeti kikiitishwa, tusiwaachie wazee peke yao. Twende tuulize.