Kipaza sauti au kikuza sauti? Jina moja lisibebe vyombo vitatu

KATIKA makala ya leo, ninaangazia majina ya vyombo vya sauti. Hapa Kitui na jirani zetu Makueni, “kipaza sauti” huweza kuwa maikrofoni ya mhubiri, spika ya matangani au amplifaya. Basi ukimwambia fundi kipaza sauti kimeharibika, atafungua spika nzima huku hitilafu iko kwingine, na wewe ndiye utakayelipa.

Tazama priamplifaya. Nyumbani ninaitumia kusikiliza santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, walioimba kwa Kikamba na Kiswahili. Sindano ya santuri hutoa umeme hafifu mno, takriban volti 0.005. Isitoshe, besi hupunguzwa santuri inapochongwa. Priamplifaya huupa umeme huo nguvu ya kwanza na kuirejesha besi. Kisha amplifaya huukuza hadi uweze kusukuma spika. Ikiwa duni, gitaa la besi hufifia, na benga bila besi si benga.

Kiswahili kina nyenzo za kutofautisha kazi hizi. “Kupaza” ni kufanya kitu kipae. Sauti ikipazwa husikika mbali. “Kukuza” ni kukifanya kiwe kikubwa. Kwa hivyo, spika iwe kipaza sauti, amplifaya iwe kikuza sauti, nayo priamplifaya napendekeza iitwe kikuza sauti tangulizi. Maikrofoni ibaki maikrofoni.

Tusiseme Kiswahili hakina maneno ilhali tunayarundika kwenye chombo kimoja.