Saa ya Mwili na Msafiri wa Mbali

Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia. Jina lake linajulikana vyema Kibaha, kwani baadaye alianzisha shule huko Mkuza. Watu wengi hukumbuka kasi ya miguu yake. Wachache hufikiria kwamba wakati huo saa za Christchurch zilikuwa mbele ya saa za Tanzania kwa saa tisa. Ilipotimu saa kumi alasiri huko, Kibaha na Kisarawe ilikuwa saa moja asubuhi. Mwanamichezo aendaye nchi kama hiyo hutakiwa kushindana wakati mwili wake ungali ukihesabu saa za nyumbani.

Hali hiyo humpata kila avukaye longitudo nyingi kwa ndege: mwanafunzi aendaye masomoni, mfanyabiashara, mjumbe wa mkutano. Usiku hukosa usingizi, mchana husinzia. Chakula hakimpendezi, tumbo humsumbua, na fikra huwa nzito. Hali hii si ugonjwa, wala si uvivu. Ni mvurugiko wa saa ya mwili, na mwenye kuelewa kanuni zake anaweza kuurekebisha.

Saa hiyo iko wapi?

Mwaka 1729 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Jacques de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ambao hufunua majani yake mchana na kuyafumba usiku. Alishangaa kuona kwamba hata pasipo jua mmea uliendelea kufunua na kufumba kwa wakati wake. Hivyo basi ilidhihirika kwamba viumbe hai hawangoji jua liwaambie saa. Wanayo saa yao ndani.

Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer waligundua katika nzi wadogo wa matunda jeni inayotawala mwendo wa saa hiyo. Uchunguzi uliofuata uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwa binadamu, saa kuu ni fungu dogo la seli za ubongo zipatazo 20,000, lililo juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana. Fungu hili huongoza usingizi, joto la mwili, njaa, na utoaji wa homoni. Mojawapo ni melatonini, ambayo hutolewa usiku na kuuarifu mwili kwamba giza limeingia.

Saa hii haiendi sawasawa kabisa. Mtu akikaa mahali pasipo jua wala saa ya ukutani, mzunguko wa mwili wake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Ni lazima basi irekebishwe kila siku, na fundi wake mkuu ni mwanga unaoingia machoni.

Katika jambo hili wakazi wa Pwani wamejaliwa. Kibaha na Kisarawe ziko karibu na latitudo 7 Kusini, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Hesabu ya saa ya Kiswahili, ianzayo saa moja baada ya macheo, inalingana na hesabu ya mwili wenyewe.

Uchovu wa njia ni jambo jingine

Haifai kuchanganya mvurugiko wa saa ya mwili na uchovu wa safari. Msafiri aendaye Moscow husafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini, lakini saa za Moscow sasa ni sawa na za Tanzania. Atachoka kwa kukaa kitini, naye akilala usiku mmoja vizuri atakuwa mzima. Lakini aendaye Beijing, ambako saa ziko mbele kwa tano, hataponywa na usiku mmoja. Kwa kawaida saa ya mwili husogea kwa kadiri ya saa moja tu kwa siku mtu aendapo mashariki, na kwa saa moja na nusu hivi aendapo magharibi. Magharibi ni rahisi zaidi, kwa sababu saa ya mwili kwa tabia yake hupenda kuchelewa kuliko kuwahi.

Kukokotoa wakati wa mwanga

Wengi husikia kwamba mwanga ndio dawa, wakatoka nje wakati wowote. Hilo ni kosa, kwa maana mwanga mmoja huweza kusogeza saa mbele au kuirudisha nyuma. Kipimo ni wakati ambapo joto la mwili hushuka kabisa. Kwa mtu aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi, wakati huo ni karibu saa kumi alfajiri. Mwanga unaopokewa katika saa chache kabla ya hapo huichelewesha saa ya mwili. Mwanga wa saa chache baada ya hapo huiwahisha.

Tuchukue mfano wa Christchurch ya mwaka 1974. Saa kumi alfajiri ya Kibaha ilikuwa saa saba mchana huko. Mgeni ambaye siku ya kwanza angeota jua la saa mbili asubuhi, mwili wake ungelipokea kama mwanga wa saa tano usiku, na saa yake ingerudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ilimpasa akae ndani au avae miwani ya giza asubuhi, kisha atoke nje kuanzia saa saba hadi saa kumi. Siku ya pili mpaka huo ungekuwa saa sita, ya tatu saa tano, na kadhalika hadi ufike alfajiri. Tofauti inapofikia saa tisa au zaidi, miili mingine huelekea upande wa kuchelewa. Kwa hiyo msafiri achague upande mmoja na kuufuata.

Kwa aendaye magharibi mambo hugeuka. Juma Ikangaa alipokwenda kushinda mbio za marathoni za New York mnamo Novemba 1989, mji huo ulikuwa nyuma ya Tanzania kwa saa nane. Saa kumi alfajiri ya Tanzania ilikuwa saa mbili usiku huko. Mgeni wa namna hiyo hufaidika na mwanga wa alasiri na jioni.

Mwanga wa jua hauna mbadala ulio rahisi. Taa za darasani aghalabu hutoa mwanga wa luksi mia chache tu, ilhali uwanjani, jua likiwaka, ni zaidi ya luksi 50,000.

Mambo mengine husaidia. Siku tatu kabla ya safari ya mashariki, msafiri alale na kuamka mapema kwa saa moja zaidi kila siku. Afikapo, ale kwa saa za wenyeji, maana ini na utumbo navyo vina saa zao zinazofuata chakula. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na kahawa iachwe baada ya adhuhuri. Vidonge vya melatonini vyaweza kusaidia, lakini vikimezwa wakati usiofaa hudhuru zaidi ya kufaa. Hivyo ushauri wa daktari ni muhimu.

Wasiopanda ndege

Wakazi wa Kisarawe huziona ndege zikipita angani, na wengi hawatazipanda kamwe. Hata hivyo saa ya mwili inawahusu. Muuguzi wa zamu ya usiku katika Hospitali ya Tumbi, mlinzi wa ghala, na dereva wa lori katika barabara ya Morogoro huishi kana kwamba wamehamia nchi ya mbali bila kuondoka nyumbani. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi miili yao hudai usingizi kwa nguvu, na ndipo makosa na ajali hukaribia. Hapo ukakamavu wa moyo hautoshi. Dereva aliyesinzia hana budi kuegesha gari na kulala kidogo; na mfanyakazi atokaye zamu alale katika chumba chenye giza.

Zoezi na jaribio

Wanafunzi wa Minaki wamealikwa Beijing. Je, siku ya kwanza watafute mwanga kuanzia saa ngapi? Saa kumi alfajiri ukiongeza saa tano ni saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo wajikinge na jua.

Darasa laweza pia kuishuhudia saa ya mwili bila kusafiri. Kila mwanafunzi apime joto lake kwa kipimajoto kila baada ya saa tatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kabla ya kula au kuoga, kwa muda wa siku tatu. Matokeo yachorwe kwenye grafu. Joto la asubuhi litakuwa chini na la jioni juu, hata kwa yule aliyeshinda kivulini. Kwa grafu hiyo mwanafunzi ataona kwamba saa ya mkononi hugeuzwa kwa kidole mara moja, bali ile ya mwili hugeuzwa na jua, hatua kwa hatua.