Kukimbia Hali Umelala



Mwaka jana, katika mashindano ya mabweni, mimi ndiye niliyeangusha kijiti. Tulikuwa mbele katika mbio za kupokezana, watu wanne, kila mmoja mita 100. Mkimbiaji wetu wa tatu akaniletea. Nikakunjua vidole nikavifumba mapema mno, kijiti kikanigonga na kuanguka mchangani. Kaka zetu wa kidato cha nne waliondoka shuleni bila kikombe, na mwenzangu yule, ambaye kitanda chake kinaelekeana na changu, hakunisemesha kwa majuma mawili.

Tangu siku ile, taa zikizimwa, nilikiona kijiti kikianguka. Nilidhani ni majuto tu. Muhula huu nilimweleza mwalimu wetu wa michezo. Akaniambia, “Mwanangu, hayo nayo ni mazoezi. Kila usiku unajifunza kuangusha.” Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa; kumbe mimi nilikuwa nikilirudia kitandani! Basi nikaitafuta habari hii, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mazoezi ya fikira ni kukifanya kitendo moyoni, hatua kwa hatua, mwili ukiwa umetulia. Si ndoto ya mchana. Mtu anayejiona amebebwa mabegani na kushangiliwa hajafanya zoezi lolote, maana ameruka kazi akaenda kwenye sherehe. Katika miaka ya 1930 daktari Edmund Jacobson wa Chicago alipima misuli ya watu waliowaza kukunja mkono bila kuukunja, akaona umeme mdogo ukipita katika misuli ile ile. Hata sehemu za ubongo zinazopanga mwendo hufanya kazi tunapowaza mwendo huo. Mwaka 1983 Feltz na Landers wa Marekani walichambua majaribio mengi, wakaona kwamba mazoezi ya fikira ni bora kuliko kukaa bure. Tena mwaka 1985 yalitangazwa majaribio ya mpira wa gofu: waliowaza mpira ukikosa shimo, walikosa zaidi. Hapo nikaamini maneno ya mwalimu.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza tulia, uvute pumzi polepole. Pili, tazama kwa macho yako mwenyewe, si kama mtu aliyekaa jukwaani akikutazama wewe. Tatu, lete kila kitu: mchanga chini ya nyayo, upepo wa kusi utokao baharini, sauti ya mwenzako akikuita. Nne, mwendo uwe ule ule wa kweli. Mara ya kwanza nilishika saa, nikamaliza mita zangu 100 kwa sekunde tano! Hapana mtu duniani awezaye hayo. Ilikuwa dalili kwamba nimeruka sehemu, na sehemu niliyoiruka ni ile ya kupokea kijiti, kwa kuwa niliiogopa. Ilinichukua siku nyingi kuitazama bila kufumba macho ya moyo.

Tano, wazia na taabu, pamoja na dawa yake. Mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani alifundishwa na mwalimu wake, Bob Bowman, kuogelea kila shindano kichwani kabla ya siku yake. Huko Beijing mwaka 2008, katika mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani yake ilijaa maji hata asione ukuta. Hakubabaika, alihesabu mapigo ya mikono, akafika wa kwanza kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi mpya ya dunia wakati ule.

Lakini ndugu zangu, msije mkalala kitandani mkidai mnafanya mazoezi. Fikira haikuzi pumzi wala haikazi miguu. Mimi na mwenzangu tulipokezana kijiti kila jioni, na usiku nikapokea tena mara kumi kwa fikira.

Siku ya mashindano ilipofika, mwenzangu alikuja kasi, akakanyaga alama yetu, nikatoka mbio bila kugeuka. Akaniita, nikanyosha mkono nyuma, kijiti kikatua kiganjani barabara, kama kilivyotua usiku uliotangulia. Hatukupata kikombe, mkimbiaji wa bweni la pili ana miguu kunishinda, nasi tukawa wa pili. Lakini kijiti kilifika. Usiku ule, kabla taa hazijazimwa, mwenzangu aliniambia kutoka kitandani kwake, “Leo ulikuwa na mkono.” Nami nikalala mapema, bila kukimbia popote.