Yai la Kuchemsha Lisiloraruka Wakati wa Kumenya

Vikundi vingi vya akina mama huanzia biashara ya mayai ya kuchemsha kwa sababu mtaji wake ni mdogo: trei moja, sufuria, jiko la makaa, kachumbari na pilipili kidogo. Hapa Amu wateja wapo. Wako gatini wakingojea boti ya Mokowe, na mwezi wa Ramadhani wako barazani baada ya futari. Shida huja wakati wa kumenya. Ganda linang'oka na nusu ya ute, yai linabaki na mashimo kama limeliwa na panya, na mteja anasema, "Nipe lingine bwana."

Tufanye hesabu ya mfano. Kikundi kimenunua trei ya mayai 30 kwa shilingi 450. Kikiuza kila yai shilingi 25 kitapata 750, yaani faida ya 300. Sasa mayai sita yameraruka, hayauziki. Hizo ni shilingi 150 zimekwenda, nusu nzima ya faida, na makaa bado hujayatoa. Kwa hiyo jambo hili si la urembo tu.

Mama mmoja wa Langoni aliniuliza, "Mbona ya kuku wangu mwenyewe, yaliyotagwa jana, ndiyo yanayonisumbua zaidi?" Alikuwa amegusa penyewe. Yai bichi la leo au jana ndilo gumu kumenya. Ndani ya ute wake mna hewa ya kaboni, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Hewa hiyo huufanya ute ushikamane na ule utando mwembamba ulio chini ya ganda. Ganda nalo lina vitundu vidogo maelfu, na kila siku hewa hiyo hutoka kidogo kidogo. Ikishapungua, ute unauachilia utando. Kwa joto letu la Amu siku nne au tano zinatosha, mradi mayai yawekwe kivulini penye upepo. Basi mayai yaliyotagwa leo yapelekeni kwenye chapati au keki, ya wiki iliyopita ndiyo myachemshe.

Kama hujui yai lina siku ngapi, litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini kabisa ni jipya. Likisimama huku limegusa chini, limekaa kidogo, na hilo ndilo zuri kwa kuchemsha. Likielea juu, litupe.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi, ni maji. Wengi wetu tumezoea kutia mayai kwenye maji baridi ndipo tukapuliza jiko. Hapo joto hupanda polepole na ute hupata nafasi ya kugandana na utando. Acha maji yatokote kwanza, halafu teremsha mayai kwa upawa, moja moja, yasigonge sufuria. Joto la ghafla hugandisha ute wa nje kabla haujashika. Huko Marekani mwandishi wa mapishi J. Kenji López-Alt alijaribu njia nyingi kwa mayai mengi sana, na mwaka 2019 aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba kuanza na moto mkali ndiko kunakosaidia. Usitie trei nzima kwa mara moja, maji yatapoa. Tia 10 au 12, yakirudi kutokota punguza makaa kidogo, kisha hesabu dakika 11 au 12. Ukizidisha sana, kiini huzungukwa na rangi ya kijani. Haina sumu, lakini mnunuzi ataona yai limeharibika.

Chumvi je? Haisaidii kumenya. Faida yake ni kwamba yai likipasuka sufuriani, ute huganda upesi usimwagike. Siki na limau pia si dawa ya kumenya.

Ukiepua, mwaga maji ya moto na utie baridi, ubadilishe tena yakishapata joto, na uyaache robo saa. Maji ya mtungi yanatosha, barafu si lazima. Lakini angalieni hapa: yai linapopoa hunywa maji kupitia vile vitundu. Ukilipoza kwa maji machafu ya kisima, uchafu unaingia ndani na mteja anaula. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa.

Kumenya, anza upande mnene, maana ndipo penye nafasi ya hewa. Gonga, viringisha juu ya meza ganda lipasuke lote, kisha menya ndani ya beseni la maji hayo hayo safi. Maji huingia chini ya utando na kuusukuma.

Usimenye yote asubuhi ukakaa nayo juani. Yai lenye ganda linajilinda kidogo, lililomenywa halina kinga, na baada ya saa mbili kwenye joto letu halifai kuuzwa. Menya mteja akishaagiza, kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Na yale machache yatakayoraruka, yatieni kwenye mchuzi wa nazi mle nyumbani siku hiyo hiyo.