Kisiwa Kilichohamwa na Watu Wake

Katika Bahari ya Atlantiki, yapata maili 40 magharibi ya visiwa vya Hebrides, katika nchi ya Uskoti, kuna visiwa vidogo viitwavyo St Kilda. Kimoja chao, jina lake Hirta, kilikuwa na kijiji kimoja tu. Leo hakuna mwenyeji hata mmoja aliyebaki. Na tutazame sababu zake.

Msafiri Martin Martin alipofika huko mwaka 1697 alikuta watu kama 180. Walilima shayiri kidogo, wakafuga kondoo na ng'ombe. Lakini riziki yao kubwa ilitoka majabalini. Wanaume walishuka kwa kamba kwenye magenge marefu yaliyo juu ya bahari, wakakamata ndege na kutwaa mayai yao. Ndege hao waligawanywa nyumba kwa nyumba, hata wajane wakapata fungu lao. Fedha hawakuihitaji sana, kwa kuwa kodi ya ardhi waliilipa kwa manyoya, mafuta ya ndege na nguo za sufu.

Mwaka 1727 ndui iliwaua wengi, ikabidi watu wengine waletwe kujaza mahali pao. Mwaka 1851 walikuwa 112. Mwaka wa pili yake watu 36 walipanda merikebu kwenda Australia, na wengi wao wakafa njiani. Tena, kwa miaka mingi watoto wachanga walikufa kwa pepopunda siku chache tu baada ya kuzaliwa.

Baadaye meli za moshi zikaanza kuleta wageni wakati wa kiangazi. Wageni walinunua soksi, nguo na mayai, na fedha ikaingia kijijini. Pamoja na fedha ikaingia haja ya vitu vya dukani, navyo vilitoka ng'ambo. Katika vita ya 1914 hadi 1918 askari wa bahari walikaa kisiwani, na vijana wakasikia mengi juu ya kazi za mshahara. Vita ilipokwisha, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwaka 1921 watu walikuwa 73. Mwaka 1930 walikuwa 36 tu.

Je, chakula kilikwisha? La, ndege walikuwapo vile vile. Kilichopungua ni mikono. Mashua yataka wapiga makasia, na kamba yataka wa kuishika. Mzee hawezi kushuka gengeni. Kila kijana aliyeondoka alimwachia mwenzake mzigo wake, na yule mwenzake, akiisha kuchoka, naye akaondoka.

Basi mwezi wa Mei 1930 wenyeji waliiandikia serikali barua, wakaomba wahamishwe. Tarehe 29 Agosti manowari Harebell ikawachukua. Kabla ya kutoka, waliacha katika kila nyumba Biblia iliyofunuliwa na nafaka kidogo. Huko bara baadhi ya wanaume walipewa kazi ya mshahara katika misitu, nao walitoka mahali pasipo na miti!

Wazee wetu husema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Nawe msomaji, ukitaka kujua hali ya kijiji chako, usihesabu fedha inayoingia tu; hesabu pia mikono iliyobaki ya kushika kamba.